Jinsi ya Kufeidi Ziwa Nyasa Hadi Karani Asisome Kilo

Umepata kazi. Chama cha msingi cha ushirika, huko milimani Mbinga, kimechoka na daftari, kinataka programu ya kompyuta ya kupokelea kahawa. Mahitaji yao yameandikwa kwa mkono kwenye nusu karatasi: namba ya mwanachama, jina, tarehe, kilo, makato ya pembejeo, malipo. Kwa mtu aliyetulia ni kazi ya siku chache. Jedwali jeupe, herufi nyeusi, tarakimu kubwa, kitufe kimoja cha kuhifadhi na kingine cha kuchapa risiti.

Usithubutu kuwapelekea kitu cha namna hiyo. Wazee wa bodi watalitazama jedwali, watatazamana wao kwa wao, kisha mmoja atauliza kwa upole kama hiyo ndiyo programu yenyewe au ni karatasi tu imewekwa kwenye kioo. Kuanzia hapo bei uliyotaja itaonekana kubwa. Mteja halipi ili kilo zisomeke. Kilo zilikuwa zinasomeka hata kwenye daftari. Analipia kile ambacho daftari halikuwa nacho, yaani mandhari. Kwa hiyo lazima kuwe na picha nyuma, na picha hiyo lazima ifeidi: ianze na rangi kamili juu, iyeyuke taratibu ikishuka, mpaka chini kabisa isiwepo. Mwongozo huu utakuonyesha namna ya kuifanya kazi hiyo kitaalamu, ili lawama zikija zikute umeshalipwa.

Anza na picha, maana hapa ndipo wengi wanapoharibu. Kijana wa Mbinga wazo lake la kwanza huwa ni shamba la ngoro. Ni wazo la heshima. Kwa zaidi ya karne Wamatengo wamelima miteremko yao kwa kulaza majani katika mistari inayokatizana, wakachimba katikati na kutupia udongo juu ya majani, mpaka mlima mzima ukabaki vishimo vya mraba vilivyozungukwa na matuta. Maji ya mvua yanatuama shimoni badala ya kuteremka na udongo, na maharage au mahindi yanaota juu ya tuta. Ukilipiga picha kutoka mlima wa pili, asubuhi vivuli vikiwa bado virefu, unapata miraba iliyopangana vizuri ajabu. Shida ni kwamba na wewe unakuja kuweka jedwali juu yake. Miraba juu ya miraba. Karani hatajua ipi ni seli ya kilo na lipi ni shimo la maharage la mtu. Vurugu ya namna hiyo ni ya wazi mno, itagundulika siku ya kwanza. Sisi tunataka ile inayochukua msimu mzima kugundulika.

Chukua ziwa. Ziwa Nyasa lina kila kitu ambacho mtu wa feidi anakihitaji: anga kubwa, maji mengi, mitumbwi miwili mitatu, na hakuna kitu chochote katikati. Lakini jihadhari na picha za kuokota. Upande wetu, kuanzia Lituhi hadi Liuli na Mbamba Bay, maji yako magharibi, kwa hiyo jua linazama ziwani na kuchomoza nyuma yetu, milimani. Ukilitafuta ziwa kwenye intaneti utaletewa picha tamu za jua likichomoza majini. Hizo zimepigwa ng'ambo, Malawi, ambako hata ziwa lenyewe wanaliita kwa jina lao. Kama mteja wako anakaa Dodoma, zitumie bila wasiwasi. Kama kwenye bodi kuna mzee aliyewahi kuvua, ataikodolea macho picha yako, kisha atauliza: "Huyu anarudi na dagaa asubuhi. Mbona jua liko mgongoni kwake? Anakwenda kutua wapi?" Mvuvi wa Liuli akirudi alfajiri jua linampiga usoni. Ukishindwa swali hilo umeuza programu ya Malawi.

Ukiwa na nauli, shuka mwenyewe. Lami ya Mbinga hadi Mbamba Bay, kama kilomita 66 za kona na mteremko, imewaondolea mafundi kisingizio cha barabara. Liuli pia panafaa, kwa sababu ya ule mwamba wenye umbo la sfinksi uliowafanya Wajerumani wapaite Sphinxhafen. Ndipo hapo, Agosti 1914, mashua ya Waingereza iitwayo Gwendolen ilipoifyatulia mizinga meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, ambayo ilikuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo na watu wake hawana hata habari kwamba vita imeanza. Mwamba ukipigwa picha jua likiwa nyuma yake unakuwa mweusi tii. Uweke kona ya juu kushoto, pale jina la chama litakapokaa, utalimeza lote.

Sasa tuje kwenye kufeidi kwenyewe. Kila nukta ya picha kwenye kompyuta ina namba tatu, za nyekundu, kijani na buluu, kila moja kati ya 0 na 255. Mwishoni mwa miaka ya 1970, Ed Catmull na Alvy Ray Smith, wakiwa Taasisi ya Teknolojia ya New York, waliongeza ya nne wakaiita alfa. Kazi yake ni kusema nukta hiyo inaziba kwa kiasi gani. Alfa ikiwa kamili unaona rangi yote. Ikiwa sifuri unaona kilicho nyuma tu. Ikiwa katikati unaona mchanganyiko. Mwaka 1984 Thomas Porter na Tom Duff wa Lucasfilm walichapisha kanuni za kuchanganya picha za aina hiyo, na mpaka leo mafundi wanazitumia, wengi bila kujua zilikotoka. Hesabu yenyewe haimshindi mtoto wa darasa la saba: rangi ya juu zidisha kwa alfa, rangi ya chini zidisha kwa kilichobaki, jumlisha.

Ndani yake kuna mtego, nami nakusihi uuingie kwa miguu yote miwili. Lugha nyingi za kompyuta zina rangi iliyopewa jina la uwazi, kana kwamba uwazi ni rangi. Ukiagiza machweo yaanzie kwenye chungwa, tuseme 240, 140, 40, yaishie kwenye uwazi, unadhani chungwa litabaki chungwa huku linafifia. Kumbe uwazi huo kwa siri ni mweusi: 0, 0, 0, na alfa ya sifuri. Programu isiyo makini inateremsha namba zote nne kwa pamoja. Ikifika nusu ya safari, chungwa limeshakuwa 120, 70, 20, kahawia ya matope, na alfa iko nusu. Liweke juu ya nyeupe unapata 188, 163, 138, rangi ya huzuni. Fundi makini angeishia kwenye chungwa lile lile lenye alfa sifuri, na nusu ya safari angekuwa na 248, 198, 148, chungwa jepesi na safi. Vivinjari vya siku hizi vimesharekebishwa, vinapiga hesabu hiyo vizuri bila kuulizwa, kwa hiyo ukitaka kuharibu itakubidi uchimbe maktaba ya zamani ya kuchorea madirisha. Ipo, usikate tamaa.

Mkanda wa masizi utakaokatiza machweo yako waambie ni moshi. Wala hutakuwa umesema uongo. Kati ya Agosti na Oktoba, watu wakichoma mashamba pande zote, ng'ambo hupotea kabisa na jua hufia hewani kabla ya kufika majini. Mvua za kwanza zikipiga, milima ya Malawi inarudi siku moja, na kila mtu anashangaa kana kwamba ilikuwa imesafiri. Bodi itakusifu kwa uhalisia.

Jambo linalofuata ni ngazi. Rangi zina hatua 256 tu, na feidi ya kistaarabu haitumii zote. Ukitoka kwenye nyeupe hafifu ya 235 kwenda nyeupe kamili ya 255, una hatua 20 za kugawa kwenye kioo chenye urefu wa nukta 768, ndiyo kipimo cha kompyuta nyingi za mtumba. Kila hatua inapata mkanda wa nukta 38 hivi, na jicho la mtu, ambalo limeumbwa kutambua kingo, litaihesabu mikanda hiyo mmoja mmoja. Vioo vya bei nafuu vinakusaidia zaidi, maana vingi vina hatua 64 za kweli kwa kila rangi, zilizobaki vinabahatisha. Dawa yake inajulikana: unanyunyiza chembe ndogo za bahati nasibu kwenye picha, zinavunja kingo, jicho linadanganyika kuwa ni laini. Ni mistari michache ya programu. Usiiandike. Wakiuliza hiyo mistari ya kulala ni nini, sema ni mawimbi.

Kisha herufi, na hapa ndipo feidi inapoonyesha kipaji chake. Miongozo ya kimataifa ya kurasa zinazosomeka, ile ya WCAG, inataka tofauti ya mwanga kati ya herufi za kawaida na mandhari yake isipungue 4.5 kwa 1. Nyeusi juu ya nyeupe ni 21 kwa 1, ubadhirifu mtupu. Picha nzito tu nyuma ya maandishi haikutoshi, maana mtu ataweka herufi nyeupe na shida itaisha. Picha nyepesi nayo haikutoshi, ataweka nyeusi. Feidi peke yake ndiyo isiyo na jibu. Juu kuna milima ya jioni, herufi nyeusi zinazama; chini kumebaki weupe, herufi nyeupe zinapotea. Rangi yoyote utakayochagua itamfaa karani kwa nusu ya jedwali, kisha itamtupa njiani. Chagua kijivu, inayofeli kote kwa usawa. Inaitwa pia rangi ya kisasa.

Siku ya kuonyesha kazi, nenda jioni. Funga mapazia ya ofisi. Tumia kompyuta yako mwenyewe, yenye mwanga umepandishwa hadi mwisho, na ingiza wanachama watano tu, wenye majina mafupi na kilo zinazoishia na sifuri. Usimkaribishe karani kwenye kiti; mkaribishe mwenyekiti. Mwenyekiti hataandika kilo maishani mwake, yeye atatazama ziwa. Ziwa likitokea, likaanza kuyeyuka taratibu nyuma ya neno "Karibu", utasikia bodi nzima inavuta pumzi. Mtu wa ushirika kutoka wilayani atasema hii sasa ndiyo dijitali. Nyamaza. Anayejieleza sana wakati huo hukaribisha maswali.

Hata hivyo maombi yatakuja, na la kwanza litakuwa ramani. Bodi ikishaona ziwa zuri inataka ramani ya eneo la chama, yenye Wilaya ya Mbinga, na Wilaya ya Nyasa iliyokatwa kutoka humo mwaka 2012, na ziwa lenyewe kwa buluu. Utakaa mezani, utachora pwani, utachora Mbamba Bay na kivuko cha meli, kisha kalamu itasimama. Ziwa hili, upande wa kule, linaishia wapi?

Hapo umekanyaga jambo la tangu 1890. Julai Mosi ya mwaka huo Waingereza na Wajerumani waliandikiana mkataba ulioupitisha mpaka kwenye ukingo wa mashariki wa ziwa, maana yake mtoto wa Liuli akitia mguu majini ameshatoka nchini. Malawi inausimamia mkataba huo. Tanzania inasema mpaka unapita katikati ya maji, kama ilivyo desturi ya mataifa yanayogawana ziwa, na atlasi zetu za shule zinachora hivyo. Mwaka 1967 Serikali yetu iliandika barua, Rais Banda akalikataa dai hilo kwa maneno makali, na jambo likabaki bila kumalizwa. Mwaka 2012 yakafumuka upya, baada ya Malawi kutoa leseni za kutafuta mafuta, na suala likapelekwa kwa marais wastaafu wa Afrika chini ya Joaquim Chissano. Halijaisha.

Mbele ya mzigo wa namna hiyo, fundi wa kawaida anapiga simu kwa rafiki yake mwanasheria. Wewe unafeidi. Buluu kamili pwani kwetu, nyepesi kidogo mbele, nyepesi zaidi, halafu hakuna. Hakuna mstari, hakuna nukta nukta, hakuna ugomvi. Kilichowashinda watu wenye misafara na wakalimani, wewe umekimaliza kwa kuburuta kipanya. Nakwambia hili kwa moyo wote: sababu ya kweli ya feidi nyingi duniani ni hiyo. Mbunifu hajui picha inaishia wapi na kazi inaanzia wapi, na badala ya kuamua akakata, anaacha viingiliane na kusema amefanya kwa ulaini.

Ila kuna kisirani. Kompyuta haifeidi bila kuambiwa vituo: anzia hapa, fika nusu pale, ishia kule. Ukiweka nusu ya buluu katikati ya maji, umeuchora mpaka wa Tanzania, na mtu mwenye jicho ataupima. Ukianza kufifisha pale pale mchangani Mbamba Bay, umeusoma mkataba wa 1890 kwa sauti. Ukivuta buluu kamili hadi Nkhata Bay ndipo iyeyuke, umeichukua na pwani ya wenzetu. Nimevizungusha vituo hivyo kwa kila namna. Feidi isiyo na msimamo haipo. Ushauri wa kitaalamu: weka kitufe kikubwa cha "Chapa Risiti" juu ya sehemu hiyo.

Ombi la pili ni nembo. Katibu ataituma kwa WhatsApp, na itafika ikiwa ndani ya boksi jeupe. Kosa si la katibu. Nembo ilitengenezwa na mandhari ya uwazi kwenye faili ya PNG, aina iliyobuniwa miaka ya 1990 na yenye nafasi ya alfa, lakini ukiituma kama picha ya kawaida inageuzwa kuwa JPEG, ambayo haina alfa kabisa. Kila palipokuwa wazi panajazwa rangi. Ingetumwa kama hati ingefika salama. Usimwambie. Nenda ukatafute nyingine mwenyewe, kwenye intaneti, uandike na neno PNG, na utaletewa ile yenye miraba ya kijivu na nyeupe nyuma yake, alama ambayo programu za kuchorea hutumia kuonyesha kwamba hapa hakuna kitu. Furahi kwanza, kisha iweke juu ya ziwa, na utaiona miraba yote imekuja nayo, maana mtu alipiga picha ya uwazi badala ya kuuhifadhi. Iache. Mzee wa bodi atainama, atavua miwani, na kusema kwa ridhaa kubwa kwamba amefurahi kuona mmekumbuka kuweka ngoro.

Risiti nusura niisahau. Mashine ndogo za kuchapia kwa joto zinajua mambo mawili tu: kuchoma nukta au kuiacha. Hazina kijivu, sembuse machweo. Ukizipelekea feidi zinajitahidi kuikadiria kwa madoadoa, mazito juu na machache chini, na kwa kuwa umeweka jumla ya malipo juu, ndiyo itakayozama. Mkulima ataondoka na machweo ya Ziwa Nyasa yenye urefu wa kiganja, na chini kabisa, pameandikwa kwa usafi wa kupendeza, "Asante, Karibu Tena".

Kisha msimu unafunguka. Mwezi wa saba, baridi ya Mbinga iko kazini, magunia yamepangwa kuanzia mlangoni hadi kwenye mwembe. Karani amekaa kinyume na mlango, kwa sababu ndipo waya wa umeme unapofika, na mwanga wote wa nje unampiga kwenye kioo. Kompyuta ya chama ilinunuliwa mtumba. Kila akibonyeza kitufe, dirisha linachorwa upya na ziwa lake lote, tabaka juu ya tabaka, na feni ndani inaanza kulia. Mstari wa saba wa jedwali umeangukia mahali machweo yanapokutana na maji.

"Mama karani, umeandika ngapi?"

"Arobaini na sita, baba."

"Mizani imesema arobaini na nane."

"Ngoja, baba." Anaweka kiganja pembeni mwa kioo kuzuia mwanga, anasogeza uso, anarudisha uso. Sita na nane, kwa kijivu juu ya chungwa, ni ndugu wa tumbo moja. Anamwomba kijana wa mizani asimame mlangoni awe pazia. Kijana anasimama, foleni inasimama, mtu wa nyuma anauliza kama mtandao umekata. Ni nane. Anabonyeza Hifadhi, na ujumbe wa "Imehifadhiwa" unatokea taratibu, unafifia taratibu, na kuisha kabla hajauona, kwa sababu na wenyewe uliufeidi.

Kesho yake karani anafanya walichofanya makarani wote waliopewa programu nzuri: anafungua daftari. Mchana anaandika kwa kalamu ya bluu, kila mstari unasomeka, mkulima mwenyewe anainama na kuhakiki kilo zake. Usiku anahamishia kwenye kompyuta, taa imezimwa ili kioo kionekane. Ripoti ya bodi inasema mfumo unatumika kwa asilimia mia moja, na ni kweli tupu.

Atakapokupigia, atakupigia kwa heshima. "Kaka, samahani, hiyo picha ya ziwa haiwezi kupunguzwa kidogo?" Jibu sahihi ni kwamba inawezekana, ila inahitaji kufungua mfumo. Usione haya, uko katika ukoo mkubwa. Windows 98 ilikuja na vichwa vya madirisha vinavyotoka buluu nzito kwenda nyepesi, watu wakashangilia. Mwaka 2007 Microsoft ikauza Vista yenye madirisha ya kioo unayoona kupitia, na kompyuta nyingi za wakati huo zikahema kwa mzigo. Mwaka 2012, kwenye Windows 8, kioo hicho kikaondolewa, rangi zikarudi bapa, na hilo nalo likauzwa kama maendeleo. Mwaka 2025 Apple ikatandaza kioo chake cha majimaji kwenye simu na kompyuta, watu wakalalamika hawasomi, na mwaka huo huo ikaja sehemu kwenye mipangilio ya kupunguza uwazi wenyewe. Kila hatua ililipiwa na mtu.

Basi andaa Toleo la Pili. Ondoa ziwa, ondoa mwamba, ondoa moshi. Acha jedwali jeupe, herufi nyeusi, tarakimu kubwa. Ni ile ile uliyoimaliza kwa siku chache mwanzoni, iko bado kwenye flashi. Lipe jina lenye mwanga ndani yake, panga semina ya nusu siku kwa karani, na omba mwenyekiti aizindue.

Ankara ichape kwenye karatasi nyeupe, wino mweusi, jumla iwe kubwa, imekolezwa, katikati ya ukurasa. Nyuma yake usiweke kitu chochote.